Diski Ikigoma, Okoa Shehena

Eksteno, yaani diski za nje, nyingi ninazoletewa hapa Nyamisati hazijafa. Kilichokufa ni waya. Hewa ya chumvi ya delta ya Rufiji inakula pini za lile tundu pana la eksteno, na waya uliokunjwa ndani ya begi juu ya bodaboda kutoka Bungu hauhitaji sababu nyingine ya kukatika. Kwa hiyo badilisha waya kwanza. Kisha badilisha na tundu la kompyuta, maana laptopu iliyochoka mara nyingine haina nguvu ya kuizungusha diski, lakini ukiichomeka nyuma ya kompyuta ya mezani inaamka. Kazi ya namna hiyo huwa nadai soda tu.

Kompyuta ikiiona diski halafu ikakuuliza kama uifomati, kataa. Ikijitolea kukagua na kurekebisha makosa, kataa pia. Ukaguzi huo umetengenezwa kwa diski nzima yenye faili zilizovurugika. Diski mgonjwa unaichosha bure, na unaiandikia vitu juu ya vile unavyovitafuta.

Baada ya hapo isikilize. Mimi hungoja usiku, jenereta zikishanyamaza, naiweka sikioni. Diski nzima huvuma kwa upole. Ndani yake sahani zinazunguka, kwenye eksteno nyingi ni mara 5,400 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinaelea juu yake kwa nanomita chache tu. Unywele wa binadamu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Ukisikia ta, ta, ta, halafu kimya, halafu ta, ta, ta tena, ujue kichwa kinatafuta njia na hakiioni. Chomoa papo hapo. Usiseme ngoja nijaribu mara ya mwisho, kwa sababu kichwa kilichoharibika kinaweza kuwa kinakwangua sahani, na utando uliokwanguliwa ndio wenye picha zako. Hakuna fundi wa Kariakoo wala wa Ulaya atakayeurudisha.

Hapa ndipo watu huniletea mbinu za mtandaoni. Ya kwanza ni friza. Diski inafungwa kwenye mfuko wa nailoni na kulazwa usiku kucha kando ya kamba na samaki, eti chuma kikisinyaa kitaachia. Kwa diski za zamani zilizonatana, wako walioapa kwamba iliwasaidia. Lakini ukiitoa kwenye baridi na kuileta katika joto la pwani yetu, inatoka jasho ndani na nje, na tone moja la maji juu ya sahani ni mlima mbele ya kichwa. Ya pili ni kufungua kifuniko. Chumba changu kina vumbi, kina moshi wa mkaa wa jirani, kina mchanga wa viatu vya wateja. Ukishaifungua huku kwetu, umeichagulia kaburi.

Diski isiyotoa sauti yoyote ina matumaini zaidi, ajabu. Mara nyingi umeme uliruka ukaunguza bodi, sahani ziko salama. Kwenye bodi nyingi kuna diodi ndogo za kinga zinazojitoa mhanga kwa kushoti. Pima kwa mita. Ikiwa moja imeshoti, ing'oe, na diski inaweza kuzunguka tena. Itumie kwa kunakili tu, kwa sababu sasa haina kinga. Kubadili bodi nzima kutoka diski ya aina ileile kulikuwa rahisi zamani. Siku hizi kila diski ina vipimo vyake vilivyohifadhiwa kwenye chipu ya bodi, hivyo chipu hiyo lazima ihamishwe pia. Fundi simu mzuri mwenye bloa anaweza. Ila angalia eksteno ambazo tundu la USB limeunganishwa moja kwa moja na bodi: baadhi yake husimba data hata kama hukuweka nywila, na bodi ngeni haitaisoma.

Diski iliyolowa usiianike juani wala kuizika kwenye mchele. Baada ya mafuriko ya Aprili 2024, yaliyoikumba Rufiji na Kibiti, hilo lilikuwa swali la kila mtu. Maji yakikauka yanaacha tope na chumvi juu ya sahani. Usiiwashe. Ifunge ikiwa na unyevu wake, uipeleke kwa wenye chumba safi. Mwaka 2008 wataalamu walitangaza kwamba wamesoma takriban asilimia 99 ya data ya diski iliyoanguka kutoka angani na chombo cha anga cha Columbia mwaka 2003, ikaokotwa imeungua. Nadhani ilisaidia sana kwamba hakuna aliyejaribu kuiwasha nyumbani kwake.

Sasa tuseme diski inazunguka, inaonekana, lakini inakwama. Hii ndiyo kazi yetu sisi wa mtaani, na wengi wanaikosea kwa kutaka kuitengeneza. Wajerumani walipoizamisha manowari yao Königsberg kwenye mto huu wa Rufiji, tarehe 11 Julai 1915, hawakuhangaika kuielesha tena. Walitoa mizinga yake kumi, wakaipeleka Dar es Salaam kwenye karakana ya reli, na vita ikaendelea nayo nchi kavu. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, hadi leo. Meli waliiacha mtoni. Diski yako nayo iachie mto. Toa shehena.

Programu ninayotumia ni ddrescue, ya bure, kwenye Linux iliyowashwa kutoka flashi. Tafuta diski nyingine nzima yenye nafasi kubwa kuliko ile mgonjwa. Andika lsblk upate jina la kila moja, na soma mara mbili, kwa sababu ukizigeuza utanakili utupu juu ya harusi ya mtu. Kisha, ukiwa ndani ya diski nzima (hapa /dev/sdb ni ile mgonjwa):

ddrescue -d -n /dev/sdb mali.img mali.map

Inachukua kwanza sehemu zinazosomeka kwa urahisi na kuziruka zilizooza. Ikimaliza, rudia amri hiyo, badala ya -n weka -r3, ndipo inarudi kuzikung'uta zile ngumu. Faili ya mali.map ndiyo inayonifanya niipende programu hii: inakumbuka kila kilichosomwa. Umeme ukikatika, au betri ya sola ikizidiwa, unaanza ulipoishia. Diski ya terabaiti moja yenye afya inaweza kumalizika kwa saa chache, lakini mgonjwa anaweza kuchukua siku kadhaa. Ikipata moto, ipumzishe. Ikianza ta, ta, ta, acha na ulichokipata.

Kutoka hapo usiiguse tena diski yenyewe. Fanyia kazi nakala. TestDisk hurudisha partisheni na majina ya mafolda. Ikishindwa, PhotoRec huokota picha na video zilizobaki, bila majina. Mwalimu mmoja alipata maelfu ya faili zinazoanza na herufi f na tarakimu ndefu, akaniuliza, "Fundi, sasa mahafali ni yapi na msiba ni upi?" Nilimpa kiti na kikombe cha chai. Bei yangu ni ya kuokoa. Kupanga ni kwa mwenye mali.