Ndege Huyu na Ndege Hizi: Upatanisho wa Kisarufi katika Usomaji wa Picha ya Vita

Makala hii inachunguza jinsi upatanisho wa kisarufi unavyoweza kumsaidia msomaji wa Kiswahili kufasiri picha ya vita vya angani. Mfano uliochaguliwa ni mchoro wa rangi ya mafuta wa Mwingereza Paul Nash uitwao Totes Meer, yaani Bahari Mfu, wa miaka ya 1940 na 1941. Mchoro huo unalinganishwa na kumbukumbu ya vita iliyoko Kalenga, mkoani Iringa.

Mchoro unaonesha mabaki ya ndege za Kijerumani yaliyorundikwa Cowley, karibu na Oxford, yakiwa kama mawimbi yaliyoganda chini ya mwezi. Juu yake anaruka bundi. Rubani haonekani, wala maiti.

Kwa Kiswahili, bundi na mashine hizo huitwa kwa jina moja, lakini sarufi huvitenganisha: ndege huyu anaruka, ndege hizi haziruki tena. Wa kwanza huchukua upatanisho wa A-WA, za pili wa I-ZI. Sentensi hiyo hubeba kinaya chote cha mchoro: kiumbe hai ndiye aliyebaki angani. Na kwa kuwa Waswahili wengi humhesabu bundi kuwa mjumbe wa msiba, msomaji husikia kilio ambacho msanii hakukichora.

Hata hivyo, upatanisho huo huo huweza kuficha. Maelezo ya picha magazetini husema "ndege imetunguliwa", kama embe litunguliwavyo mtini. Chombo kimetajwa, aliyekuwamo ametoweka.

Kalenga hufundisha kinyume chake. Ngome ya Mkwawa ilitekwa na Wajerumani tarehe 30 Oktoba 1894. Makumbusho ya hapo yanahifadhi fuvu lililorejeshwa mwaka 1954 na Gavana Edward Twining kuwa la mtawala huyo. Kisarufi, fuvu hili ni kitu, katika ngeli ya LI-YA, lakini anayesimama mbele yake hatamki "hili ni nini?" bali "huyu ni nani?"

Hivyo basi, mwalimu anapotumia picha ya vita darasani, yafaa awatake wanafunzi watunge sentensi mbili: moja ya chombo kilichoanguka, nyingine ya mtu aliyeanguka nacho.