SOMO KWA MAKATIBU: MZUNGUKO WA INJINI NA UMRI WA LORI LA CHAMA



Lori la chama cha msingi hununuliwa kwa makato ya mazao ya mkulima, na injini yake ikifa kabla ya wakati, ni mkulima yule yule anayekatwa tena. Kwa hiyo si haki jambo hili kuachiwa dereva na fundi peke yao. Katibu halazimiki kujua kufungua injini. Yatosha ajue inavyochakaa.

Injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, kila pistoni husimama na kugeuka mara 4,000 katika dakika hiyo. Nguvu inayoivutavuta pistoni haiongezeki sawa na mzunguko: mzunguko ukizidi mara mbili, nguvu hiyo huwa mara nne. Ndiyo sababu injini inayonguruma daima karibu na ukomo wake hula ringi, silinda na beringi upesi, na oili yake huchemka kupita kiasi.

Hapo wengi hukata shauri kwamba mzunguko mdogo ndio salama. La, hasha. Tuchukue lori lililojaa shehena, linalopanda kutoka Daraja la Kirumi, karibu na usawa wa Ziwa Victoria (mita 1,134), kuelekea mji wa Tarime ulio yapata mita 1,500. Dereva akikataa kushusha gia, akakanyaga mafuta mpaka chini, injini hutetemeka na moshi mweusi hufuka. Pampu ya oili huzungushwa na injini hiyo hiyo. Injini ikienda polepole, nayo husukuma kidogo, ilhali mlipuko wakati huo waikandamiza pistoni kwa nguvu zote. Utando wa oili katika beringi hupungua mpaka chuma kikagusa chuma. Zipo kamati zinazomsifu dereva wa namna hiyo kwa kuwa mafuta yake yadumu. Dizeli iliyookolewa ni lita chache. Injini iliyoharibiwa ni mapato ya msimu.

Kila lori la dizeli lina kadiri yake ya mizunguko linayofanya kazi kwa raha, na kauli ya mwisho ni ya kitabu cha lori lenyewe. Kitabu hicho kikae ofisini, si chini ya kiti cha dereva.

Mteremko una hatari yake. Dereva asiweke gia huru, kwani breki zitapata moto na kushindwa. Wala asitie gia ndogo mno lori likiwa kasi: hapo magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na kidhibiti cha mafuta hakiwezi kuizuia. Valvu zaweza kugonga pistoni. Gia ichaguliwe kabla ya kuanza kushuka.

Jambo linalomhusu Katibu hasa ni hesabu. Lori likienda kilometa 60 kwa saa kwenye lami ya Sirari, kwa mizunguko 1,800 kwa dakika, hutumia mizunguko 1,800 kwa kilometa moja. Lori hilo likijikokota kwa kilometa 20 kwa saa katika njia mbovu ya vumbi huko Serengeti, kwa mizunguko 2,000, hutumia 6,000. Kilometa ni moja, uchakavu si mmoja. Chama kinachobadili oili kwa kutazama kilometa tu hujidanganya. Kitabu cha safari kiandikwe pia saa ambazo injini imefanya kazi, zikiwemo zile za kunguruma bure ghalani wakati wa kupima mizigo, maana injini iliyoachwa hivyo muda mrefu hujaa masizi.

Asubuhi, oili ikiwa bado nzito, lori liondolewe taratibu, pasipo kuvumisha injini. Na lenye taboa, likifika ghalani baada ya mlima, liachwe dakika mbili au tatu kwa mzunguko mdogo kabla ya kuzimwa, ili oili iendelee kuipoza taboa hiyo.