SOMO: URITHI WA KUPENDA ULEVI, NA HUKUMU YAKE

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Watu wa pwani wengi wamepanda bara, hata Kahama katika mkoa wa Shinyanga na hata Geita, kwa ajili ya dhahabu na biashara yake. Na penye machimbo wauza gongo hawakosi. Serikali ya Tanzania ilikataza pombe ya viroba tangu tarehe 1 Machi 2017, na kupika gongo ni kosa kwa sheria. Lakini kijana aitafutaye huiona. Hapo baba husema: "Huyu amerithi ulevi wa babu yake, afanyweje?" Neno hili lina ukweli ndani yake, na lina kosa.

Ukweli wake umeonekana kwa wanyama. Katika kisiwa cha St. Kitts, huko Karibi, wako tumbili ambao asili yao ni Afrika ya Magharibi. Walipowekewa maji matamu yenye pombe, wengi walikunywa kwa kiasi, wachache walikunywa mpaka wakaanguka, na wengine waliikataa. Na mjini Helsinki, katika miaka ya 1960, wataalamu waliwazalisha panya wapendao pombe mbali, na waikataao mbali, kizazi baada ya kizazi. Zikatoka kabila mbili, hii hunywa na hii haitaki, wala hapana aliyezifundisha. Huko Indiana, Marekani, likazalishwa kabila jingine la panya wanywaji, na katika bongo zao ukaonekana upungufu wa serotonini, nayo ni kitu kipelekacho khabari baina ya chembe za ubongo. Panya hao wakionja pombe wangali vijana, wakishakuwa wakubwa huishika upesi zaidi.

Na kwa mwanaadamu, waliowachunguza mapacha wamekisia kuwa kiasi cha nusu ya hatari ya kutawaliwa na pombe hutokana na urithi. Tena sehemu ya mbele ya ubongo, izuiayo matamanio, hukomaa mwisho, kiasi cha miaka 25. Na baleghe huja kabla ya hapo kwa miaka mingi.

Suali: Je, aliyerithi ana udhuru?

Jawabu: Hana. Kinachorithiwa ni mwelekeo, si kikombe. Panya hana taklifu. Mwanaadamu aliyebaleghe mwenye akili anayo. Aya ya 90 ya Suratul Maida imewakataza waumini wote, haikumtoa mwenye matamanio makali. Na ashindanaye na nafsi yake akajizuia, ujira wake kwa Mola wake haupotei.

Suali: Na baba ana wajibu gani?

Jawabu: Kuujua ukoo wake. Ikiwa ulevi umepita nyumbani, asimpeleke mwanawe machimboni bila ya mwangalizi, wala asimwache aonje hata tone, kwani tone la kijana si tone la mzee. Na aliyekwisha kunaswa asitukanwe msikitini. Ashikwe mkono apelekwe kwa tabibu, kwa kuwa maradhi haya yana tiba, na mlango wa toba u wazi.

Wallahu aalam.