Tunda la Forsadi na Sharubati Yake

Wasomaji wetu wengi huenda wamepita chini ya mforsadi pasipo kuujua. Sisi nasi tulikuwa hivyo, hata siku moja tukiwa safarini katika milima ya Usambara tukapiga hodi kwenye shamba dogo la bibi mmoja, kuomba maji ya kunywa. Karibu na mlango palikuwa na mti, na chini yake yalitapakaa matunda meusi, membamba kama ncha ya kidole, kila moja mfano wa chembe nyingi zilizoshikamana. Hatukuthubutu kuyaonja, maana si kila tunda la kupendeza ni chakula: mbono kaburi nao huzaa, na mbegu zake huwatapisha na kuwaharisha watoto vibaya.

Bibi akatuletea kikombe cha kinywaji chekundu, kitamu, chenye ukali kidogo. Tulipomwuliza ni kitu gani, alicheka akasema, "Bwana karani, ni haya haya unayoyaruka kwa viatu vyako."

Kisha akatueleza habari yake. "Mara ya kwanza nilijaza kapu, nikalichukua gulioni kwa miguu. Nilipofika, matunda ya chini yamekuwa uji, na kanga yangu imeharibika. Hakuna aliyenunua. Jirani akanishauri niukate mti uwe kuni, nami nikakubali. Jioni nikayakamua yaliyosalia niwape wajukuu. Wakanywa, wakaomba tena. Basi shoka likarudi ndani." Siku hizi wapitao njia hununua sharubati kwake, na fedha hiyo ndiyo inunuayo madaftari ya wajukuu.

Jina forsadi lina asili ya Kiarabu. Tunda lake lina vitamini C na madini ya chuma. Lakini ngozi yake ni laini mno, nalo huharibika kwa siku moja au mbili. Kwa hiyo halifai safari ndefu, bali lafaa kukamuliwa karibu na mti.

Anayetaka kutengeneza sharubati na afanye hivi. Kwanza, tandika nguo safi chini ya mti, utikise matawi polepole. Yaliyoiva ndiyo yatakayoanguka. Mabichi yaache, kwani huweza kuumiza tumbo. Pili, yaoshe upesi, uyaponde, uyatie katika sufuria pamoja na maji kidogo. Usitumie chombo cha shaba kisichopakwa bati, maana ukali wa matunda hula shaba, nayo ni sumu. Tatu, pasha moto hata yalainike, kisha chuja kwa kitambaa safi. Nne, tia sukari kwa kadiri upendavyo na maji ya limau, uichemshe tena kidogo, uimimine katika chupa zilizochemshwa. Inywewe siku ile ile au ya pili yake. Ikitoa povu na harufu ya pombe, imekwisha chachuka, usiwape watoto.

Kuupanda mti huu si kazi ngumu. Mvua zianzapo, kata vipande vya tawi lililokomaa, urefu wa shibiri moja, vyenye macho matatu au manne, uvifukie hata jicho la juu libaki nje. Mti wa kipande huzaa mapema kuliko wa mbegu.

Tena yafaa kujua aina ya mti kabla ya kuupanda. Mwaka 1609 Mfalme James wa Kwanza wa Uingereza aliamuru miforsadi maelfu ipandwe nchini mwake, ili majani yalishe viwavi wa hariri. Yasemwa kwamba mingi ilikuwa ya aina nyeusi, hali viwavi hao hupendelea aina nyeupe. Na kazi ile haikufanikiwa.

Basi, ndugu wasomaji, ukiuona mti usioujua shambani mwako, usile tunda lake kwa macho tu, wala usiuinulie shoka kwa haraka. Waulize kwanza wazee wanaoujua. Kuuliza si ujinga.