Tumekubaliana, ila Kabazana ni ndogo

SWALI: Mimi na mume wangu tumeafikiana kila mmoja anaweza kuwa na mtu wa nje, bila kufichana. Tutawapata wapi watu waungwana bila kusengenywa?

JIBU: Dada, kwanza nikuulize: ulikubali, au ulichoka kubishana? Kama ni la pili, ishia hapa.

Hapa kambini Kabazana usijaribu. Ukishuka tu kwenye bodaboda, jirani wa foleni ya posho ameshaona umekuja na nani. Mbarara hamjulikani sana. Onaneni mchana, penye watu, na mwambieni mgeni mapema kwamba mmeoana na kwamba mwenzi wa ndoa anajua. Akisita, mwacheni aende zake. Picha za faragha msitume kabisa. Akitaja malipo, ondoka: ukahaba Uganda ni jinai. Uzinzi wenyewe si jinai tena. Mahakama ya Katiba ilifuta kifungu chake mwaka 2007, ingawa ndoa bado inaweza kuvunjwa kwa ajili yake.

Pimeni VVU wote, mrudie baada ya miezi 3. Kondomu kila mara, na kituo cha afya kiulizeni kuhusu PrEP, dawa ya kujikinga na VVU kabla ya kukutana. Kondomu ikipasuka, msingoje Jumatatu: PEP, dawa ya dharura ya kuzuia VVU, huanzwa ndani ya saa 72.