Kutia Lehemu Bila Kuyeyusha Fedha

Tulipofundishwa katika somo la kemia kwamba kila madini yana joto lake la kuyeyuka, wengi wetu tuliandika tarakimu zile daftarini tukaziacha humo. Fedha digrii 962, shaba nyekundu 1085, zinki 420. Lakini kusini mwa pwani yetu, katika kisiwa cha Ibo, wako watu ambao riziki yao hutegemea tarakimu hizo, nao hupima joto kwa macho tu.

Masonara wa Ibo wana sifa kwa mikufu, vipuli na bangili za uzi wa fedha. Kwa miaka mingi wamefanya kazi yao katika ngome ya São João Baptista, ile yenye umbo la nyota, iliyojengwa mwaka 1791. Zamani waliyeyusha hata sarafu. Fedha humiminwa iwe kijiti, hugongwa kwa nyundo, kisha huvutwa katika chamburo, yaani bamba la chuma lenye matundu, kila tundu dogo kuliko lililotangulia. Ikivutwa sana huwa ngumu, hata hukatika. Basi hurudishwa motoni mpaka iwe nyekundu hafifu, ndipo ilainike tena. Uzi ukiwa tayari husokotwa na kupindwapindwa uwe maua.

Sasa taabu yaanza. Maua hayo hayashikani yenyewe, yataka lehemu. Na lehemu lazima iyeyuke, hali uzi ulio mwembamba kama wa cherehani, uliogusana nayo, usiyeyuke. Mara nyingi fedha yenyewe ni ya mteja, pengine bangili kuukuu za bibi yake. Moto ukizidi kwa nukta chache tu, kazi ya siku tatu hujikunja ikawa tone.

Dawa yake imo katika tabia moja ya madini ambayo mimi naiona ni ya ajabu. Changanya fedha sehemu 72 na shaba nyekundu sehemu 28. Mtu angedhani mchanganyiko huo utayeyuka kwa joto lililo kati ya 962 na 1085. La, huyeyuka kwa digrii 780 hivi, chini ya vyote viwili! Ni kama chumvi tunyunyizayo juu ya barafu, ambayo huifanya iyeyuke ingawa baridi haijapungua. Ukiongeza zinki kidogo, mathalani kwa kutia shaba ya manjano, kiwango hushuka zaidi, hata kukaribia 700.

Basi tufanye hesabu. Uzi ukiwa wa fedha safi, na lehemu ikiwa ya digrii 780, sonara ana nafasi ya digrii 182. Hiyo yatosha. Lakini uzi wenye fedha 92.5 kwa mia na shaba 7.5 huanza kulainika karibu na digrii 800. Nafasi imebaki 20 tu, naye hana kipimajoto. Hapo hana budi kutumia lehemu yenye zinki. Na sarafu ya escudo 20 ya Msumbiji ya mwaka 1952 ilikuwa na fedha 72 kwa mia, zilizobaki zaidi ni shaba. Angalieni: sarafu hiyo karibu ni lehemu yenyewe! Yafaa kuunganishia fedha safi, bali ikifanywa uzi ni hatari.

Lehemu hupigwa tupa iwe unga, ikachanganywa na boraksi na maji, ikapakwa kwenye viungo. Boraksi huondoa kutu na kuzuia hewa. Iachwe ikauke polepole, maana ikichemka hufura na kuitupa lehemu mbali. Kisha pambo huwekwa juu ya makaa, na ndimi za moto hupulizwa kwa mrija, zikizungushwa ili kitu kizima kipate joto sawasawa, kwa kuwa lehemu hukimbilia upande wenye joto zaidi. Kazi hii hufanywa kivulini. Juani rangi ya moto haionekani. Lehemu ikimeremeta kama maji, moto huondolewa papo hapo. Kiungo kilichokwisha kutiwa lehemu hufunikwa kwa udongo mbichi kisije kikafunguka.

Mtu mwenye haraka huchukua lehemu ya bati na risasi, ambayo huyeyuka chini ya digrii 200. Hushika vizuri, lakini siku pambo hilo litakaporudishwa motoni kutengenezwa, risasi itaila fedha na kuitoboa. Tena risasi ni sumu.

Kwa watoto wanaopenda kupamba midoli ya plastiki kwa ule udongo wa kisasa unaookwa, hesabu imegeuka. Udongo huo huiva kwa digrii 130 hivi, na plastiki ya midoli mingi hulainika kwa 105 au chini yake. Kwa hiyo msitie mdoli jikoni. Mfunikeni kwa karatasi nyembamba, finyangeni nguo au kofia juu yake, itoeni taratibu, iokeni peke yake, na ikipoa muibandike kwa gundi. Joto lisizidishwe, kwani udongo huo ukiungua hutoa moshi wenye tindikali, unaochoma kifua. Na dirisha liwe wazi.