SOMO: Kabla ya kulipa mutuele ya afya, tuulize maswali matano



Mutuele nyingi za afya zinaandikisha watu kwa miezi michache tu ya mwaka, kisha daftari linafungwa. Asiyeingia anangoja mwaka ujao. Juu ya hiyo, tujifunze kuchagua mbele makuta haijatoka mfukoni.

Sote tunajua namna inavyokuwa katika nyumba isiyo na mutuele. Mama anapasuliwa ili azae, fakitire inafika, makuta hakuna. Mbuzi wanauzwa kwa bei ya hasara, ao shamba linawekwa rehani. Kuko hata wagonjwa wanaopona lakini wanazuiliwa hospitali mpaka jamaa wamalize deni.

Mutuele ni sanduku la pamoja. Wote wanatoa mchango, anayeugua anasaidiwa. Usipougua, mchango haurudi: umemtibisha jirani, na mwaka mwingine yeye atakutibisha.

MASWALI YA KUULIZA

1. Inalipia nini? Tuombe orodha, isomwe kwa sauti. Je, kuzaa, kupasuliwa, dawa na kitanda viko ndani? Je, magonjwa ya kudumu kama sukari yamo?

2. Tutatibiwa wapi? Tujue kituo cha afya gani kina mapatano na mutuele, na ni mwendo wa saa ngapi kwa miguu. Tuulize pia kama ni lazima kituo kitupe barua ya kutupeleka hospitali kubwa. Ukienda bila hiyo barua, mutuele inaweza kukataa kulipa.

3. Mgonjwa anaongeza kiasi gani? Mara nyingi mutuele hailipi yote. Sehemu moja inabaki kwa mgonjwa.

4. Tutangoja muda gani? Mara nyingi mwanachama mupya anangoja kwanza mbele ya kuanza kusaidiwa. Kama kuna mama mwenye mimba nyumbani, tuhesabu miezi vizuri.

5. Nani anachunga makuta? Nchini kwetu kuna sheria ya mutuele, ya tarehe 8 Februari 2017. Tuombe kuona kibali, tuulize mkutano mkuu unafanyika lini na hesabu inaonyeshwa kwa nani. Na tusitoe franka hata moja bila risi.

TUFANYE HESABU

Bei hizi ni za mfano tu. Nyumba ina watu 6.

Mutuele A: mchango ni 8.000 FC kwa mtu, jumla 48.000 FC. Hailipii kupasuliwa.
Mutuele B: mchango ni 12.000 FC kwa mtu, jumla 72.000 FC. Inalipia kupasuliwa, mgonjwa anaongeza asilimia 20.

Kama hakuna atakayepasuliwa, A inapunguza matumizi kwa 24.000 FC. Lakini mtu mmoja akipasuliwa kwa 300.000 FC, nyumba ya A itatoa 348.000 FC kwa jumla. Nyumba ya B itatoa 72.000 na 60.000, ni kusema 132.000 FC. Malaria ya siku tatu, wengi wetu tunaweza kujikaza tukailipa. Kupasuliwa ndiko kunakomaliza mali ya nyumba. Basi tuangalie kwanza ugonjwa mkubwa, kisha bei ya mchango.

TUANDIKISHE NYUMBA NZIMA

Wengine wanaandikisha mzee mgonjwa peke yake, watoto wanabaki nje. Hiyo ni hatari mara mbili: homa haichagui mtu, na sanduku lenye wagonjwa watupu linakauka mbele ya mwaka kuisha. Mtoto akizaliwa, twende haraka kuongeza jina lake.

KAZI YA MKUTANO UJAO

a) Tuchague watu wawili, mama mmoja na baba mmoja, waende kuuliza maswali haya matano kwa kila mutuele iliyo karibu, warudi na majibu yaliyoandikwa.
b) Tujadili kama kooperative inaweza kukata mchango siku ya malipo ya kahawa, kwa yule anayekubali na kutia saini. Siku hiyo makuta iko mkononi. Miezi ya kungoja mavuno, hata chumvi tunakopa.